DAKTA RIVERS, TABIBU WA ASKARI WALIOOGOPA KULALA

Mtu akirudi kutoka vitani na mikono yake miwili na miguu yake miwili, jamaa zake humpokea kwa shangwe na kumshukuru Mwenyezi Mungu kwamba amerudi mzima. Kumbe wako wanaorudi wazima machoni mwa watu tu. Usiku mtu huyo halali, kwani akifumba macho huyaona yale yale aliyoyaacha huko. Mlango ukibamizwa huruka. Akiitwa ghafula hutetemeka, na jasho likamtoka. Watoto huambiwa wasimsumbue baba, na majirani huanza kunong'ona: mmoja atasema huyu ni mwoga, wa pili atasema kapandwa na shetani, wa tatu atasema basi tena, kaingia wazimu.

Maradhi haya ni ya kale kama vita vyenyewe, lakini yamepata jina lake la kitabibu juzi juzi tu. Ni mwaka wa 1980 ambapo chama cha madaktari wa maradhi ya akili huko Marekani kiliyaingiza katika kitabu chake cha kutambulisha magonjwa, baada ya askari wengi kurudi kutoka Vietnam wakiwa na hali hiyo. Yaliitwa maradhi ya mfadhaiko unaofuata kiwewe, na tangu hapo imekubaliwa kwamba hayawapati askari peke yao, bali humpata pia aliyenusurika katika ajali ya gari, aliyezama na chombo akaokolewa, aliyevamiwa nyumbani kwake, au mwanamke aliyedhulumiwa. Hata hivyo, miaka zaidi ya 60 kabla ya jina hilo kupatikana, alikuwako daktari mmoja wa Kiingereza aliyekaa kitako na wagonjwa wa namna hii, mmoja mmoja, akawasikiliza. Huyo ni William Halse Rivers Rivers. Jina la Rivers limetajwa mara mbili, wala si kosa la mpiga chapa.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1864 karibu na mji wa Chatham, katika jimbo la Kent, Uingereza. Ukoo wake ulikuwa na mabaharia na wanajeshi, na mmoja wa jamaa zake alikatwa mguu katika vita vya baharini vya Trafalgar mwaka wa 1805. Baba yake alikuwa padri, lakini zaidi ya upadri alijulikana kwa kazi ya kuwatibu watu wenye kigugumizi. Watu wa vyeo walimjia nyumbani, na miongoni mwao alikuwa yule mwandishi wa kisa cha Alice, aliyejiita Lewis Carroll. Sasa tazama maajabu ya dunia: mtoto mwenyewe wa mganga wa kigugumizi alikuwa na kigugumizi, na hakikumtoka maisha yake yote. Wenyeji wa pwani husema mganga hajigangi, na hapa hata mwanawe hakugangika.

Lilikuwako jambo jingine la siri zaidi. Rivers hakuweza kuona picha ya kitu akilini mwake. Wewe na mimi tukiambiwa tuifikirie nyumba tuliyokulia, tunauona mlango, ngazi na dirisha. Yeye hakuona kitu akiwa macho, isipokuwa ndotoni au akiwa na homa. Alipokuwa mtu mzima alijichunguza, akagundua kwamba ile nyumba aliyoishi mpaka umri wa miaka 5 aliweza kuikumbuka kidogo upande wa chini, lakini orofa ya juu ilikuwa imefutika kabisa. Hakukumbuka chochote cha huko. Akakata shauri kwamba lazima lilimpata jambo katika orofa ile, jambo zito kiasi cha akili ya mtoto kuufunga mlango na kuutupa ufunguo. Jambo hilo hakulijua mpaka anakufa. Nalitaja hapa kwa sababu aliyekuja kuwafungulia wengine milango ya kumbukumbu zao alikuwa na mlango wake mwenyewe usiofunguka.

Shuleni alikuwa akitegemewa kupata nafasi ya kusomeshwa bure Cambridge, lakini alishikwa na homa ya matumbo mwaka wa mwisho na mtihani ukampita. Akaenda kusomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's mjini London, akafuzu mwaka wa 1886 akiwa na umri wa miaka 22. Kwa kuwa alipenda safari aliingia melini kama daktari wa chombo, akafika Japani na Marekani. Aliporudi alishughulika na mishipa ya fahamu na maradhi ya akili, na mwaka wa 1893 akaanza kufundisha Cambridge mambo ya milango ya fahamu, yaani kuona, kusikia na kugusa.

Mwaka wa 1898 alikwenda na wenzake katika visiwa vya mlango wa bahari wa Torres, baina ya Australia na Guinea Mpya, kuwapima wenyeji macho yao na masikio yao. Wazungu wengi wakati huo walidhani kwamba watu wa visiwani wana macho makali kama ya mwewe kwa kuwa eti wako karibu na wanyama. Rivers alipima akaona macho yao hayapitani sana na macho ya wengine. Tofauti ni kwamba wamezoea bahari yao, na anayezoea bahari hutambua chombo mbali. Huko huko ndiko alikoanza kuandika nasaba za watu, fulani bin fulani, nani kaoa kwa nani, mpaka akaufanya utaratibu wa elimu ambao wataalamu wa mila waliufuata baada yake. Msomaji wa Lamu au Mombasa hatashangaa kwamba ukitaka kujua mambo ya mji huanza kwa kuuliza nasaba, lakini huko Cambridge lilikuwa jambo jipya.

Baadaye alikwenda Misri kuwapima macho wafanyakazi waliokuwa wakichimba makaburi ya kale, akaenda kwa Watoda wa milima ya Nilgiri kusini mwa India na kuandika kitabu juu yao mwaka wa 1906, kisha akazunguka visiwa vya Melanesia. Katika safari hizo alijifunza jambo ambalo lilimfaa baadaye. Aliona kwamba uganga wa watu wale haukuwa upuuzi mtupu. Mtu akiamini kwamba maradhi yametokana na kuvunja mwiko, basi dawa yake kumtafuta aliyeweka mwiko na kumridhisha ni jambo lenye mantiki, na mara nyingi mgonjwa alipata nafuu. Alilieleza hilo katika mihadhara yake mbele ya madaktari wakubwa wa London, na kitabu chake cha uganga, uchawi na dini kilitolewa mwaka wa 1924 baada ya kufa kwake.

Kuna jambo moja zaidi la wakati ule ambalo siwezi kuliacha. Rafiki yake, Dakta Henry Head, alitaka kujua mshipa wa fahamu ukikatwa hupona vipi. Wagonjwa hawakuweza kumweleza sawasawa, kwa hiyo mwezi wa Aprili 1903 akajitolea mwenyewe akakatwa mshipa mkononi, ukashonwa tena. Kwa miaka zaidi ya 4, Head akija Cambridge mwishoni mwa wiki, Rivers alimchoma sindano, akamgusa kwa pamba, akampima kwa barafu na maji ya moto, huku mwenzake amefumba macho, akiandika siku gani hisia gani imerudi. Kazi hiyo ilitaka subira kubwa, na subira hiyo hiyo ndiyo Rivers aliyoingia nayo katika kazi iliyomletea jina.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914 Rivers alikuwa safarini upande wa Australia na visiwa vya kusini. Aliporudi Uingereza mwaka uliofuata alikuta nchi imejaa wagonjwa wa aina ambayo jeshi halikuijua. Askari hawana jeraha, lakini mmoja amepooza miguu, mwingine hawezi kusema, wa tatu kapofuka ilhali macho yake ni mazima. Wengine walilia, walitetemeka, walipiga mayowe usiku. Dakta Charles Myers, aliyekuwa mwanafunzi wa Rivers na mwenzake katika safari ya Torres, aliandika juu yao mwezi wa Februari 1915 akatumia jina lililokuwa likizagaa jeshini: mshtuko wa makombora. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mshindo wa kombora hutikisa ubongo ndani ya fuvu. Punde ikaonekana kwamba hata askari ambao hawakuwa karibu na kombora waliugua vile vile. Mpaka vita vinakwisha, jeshi la Uingereza lilikuwa limehesabu wagonjwa kama 80,000.

Wakubwa wa jeshi wengi hawakuwa na huruma nao. Kwao hofu ilikuwa utovu wa nidhamu. Askari 306 wa Uingereza na makoloni yake walipigwa risasi alfajiri na wenzao wenyewe kwa makosa ya kutoroka, woga, kulala zamuni na mfano wa hayo, na hapana shaka baadhi yao walikuwa wagonjwa. Serikali ya Uingereza iliwasamehe mwaka wa 2006, miaka 90 hivi baada ya kuwazika.

Na kwa wale waliopelekwa hospitalini, dawa nyingine zilikuwa za kutisha kuliko vita. Katika hospitali moja ya London Dakta Lewis Yealland aliwatibu mabubu kwa nguvu za umeme. Mgonjwa hufungiwa chumbani, akatiwa umeme shingoni na kooni, akaambiwa kwamba hatatoka humo mpaka aseme. Wengi walisema, na Yealland akaandika kitabu mwaka wa 1918 cha kusifu njia yake. Hakuna aliyeuliza sana wagonjwa hao walilala vipi baada ya hapo.

Rivers alianza kazi mwaka wa 1915 katika hospitali ya Maghull, karibu na Liverpool, miongoni mwa askari wa kawaida. Mwezi wa Oktoba 1916 akahamishiwa Craiglockhart, nje kidogo ya mji wa Edinburgh, Scotland. Jumba hilo lilikuwa hoteli ya matajiri waliokwenda kuoga maji ya tiba, likageuzwa hospitali ya maafisa wa jeshi. Mchana ungedhani ni klabu: wanacheza gofu, wanacheza tenisi, wana gazeti lao dogo. Jua likitua mambo yaligeuka. Vyumbani zilisikika kelele za watu wanaoota, na wengine walitembea kwenye ujia mpaka alfajiri wakivuta sigara, kwa kuwa waliogopa kulala.

Wengi walikuwa wamefika na wasia mmoja kutoka kwa madaktari waliotangulia na kwa jamaa zao: sahau. Usifikirie vita, usizungumze vita, fikiria mambo mazuri. Hata sisi wasia huu twautoa. Nani hajamwambia mfiwa au aliyepatwa na janga kwamba yamepita, ayaache? Rivers aliwatazama watu waliojitahidi kuufuata wasia huo kwa nguvu zao zote akaona ndio walioharibika zaidi. Mchana kutwa mtu alikuwa akisukuma mlango ili lile jambo lisiingie. Usiku mikono ikalegea, jambo likaingia kwa kishindo kuliko lilivyokuwa.

Tiba yake ilikuwa nyepesi kuielezea na ngumu kuitenda. Alimketisha mgonjwa, akamwacha asimulie lililompata, kwa mwendo wake mwenyewe, mara moja, mara mbili, mara kumi, mpaka liwe jambo lililopita ambalo mtu aweza kulishika na kulitazama. Hakumkaripia kwa machozi yake. Aliwafahamisha vijana waliolelewa kwamba mwanamume halii na haogopi, kwamba hofu yao ni ya kibinadamu na kwamba hawajawa nusu wanaume. Na pia aliwaonya dhidi ya kosa la upande wa pili, la kuketi na jambo hilo usiku na mchana na kulitafuna bila kulimeza.

Mfano mmoja alioutoa umekaa na watu mpaka leo. Afisa mmoja alikuwa ametoka kumtafuta rafiki yake, akaukuta mwili wake umekatika vipande vipande kwa kombora, kichwa mbali na viungo mbali. Tangu siku hiyo rafiki huyo alimjia kila usiku, mara amekatika kama alivyomwona, mara kama mwenye ukoma, akimsogelea. Afisa akaamka kila mara amelowa jasho. Kila aliyemtibu alimwambia aitoe picha hiyo kichwani. Rivers hakumwambia hivyo. Alimwonyesha kwamba mwili uliokatika namna ile ni ushahidi wazi kuwa rafiki yake alikufa papo hapo, hakupata ile adhabu ya masaa na masiku ambayo majeruhi wengine waliipata wakilia baina ya mahandaki. Uso wa kijana ukafunguka. Alikaa siku kadhaa bila ya ndoto. Kisha akaota tena, lakini mara hii ndotoni alikwenda kwa rafiki yake, akapiga magoti, akavitoa vitu vyake mifukoni ili awapelekee jamaa zake, akazungumza naye. Aliamka na majonzi, lakini kile kitisho hakikuwapo.

Mtazame daktari alichokifanya. Picha ni ile ile, hakuifuta wala hakuipaka rangi. Alitafuta ndani yake jambo la kweli ambalo moyo ungeweza kulishika. Kijana aliyekuwa akimkimbia rafiki yake kila usiku akapata kumlilia kama mtu anavyomlilia maiti wake.

Wala Rivers hakudai kwamba njia hiyo inamfaa kila mtu. Alieleza habari ya afisa mwingine ambaye kombora lilimrusha akaangukia maiti ya Mjerumani iliyokwisha kuoza, na uchafu wake ukamjaa kinywani. Kila alipokumbuka alitapika. Rivers alitafuta upande wa nafuu katika kisa hicho asiupate. Hakumbabaisha. Kijana huyo aliacha jeshi akaenda kuishi mashambani, mahali penye utulivu, ambako huko nyuma aliwahi kupata ahueni. Mimi namheshimu daktari kwa kisa hiki zaidi kuliko kwa kile cha kwanza, maana ni wangapi wanaokiri kwamba dawa yao haikufaa?

Alikuwako pia daktari wa jeshi ambaye hakuweza kuvumilia mahali palipofungwa. Ndani ya handaki alikaribia kukosa pumzi, akawa afadhali atembee nje chini ya risasi. Rivers alizichunguza ndoto zake mpaka siku moja mtu huyo akakumbuka tukio la utotoni, umri wa miaka 3 au 4: alikwenda kwa mzee mmoja aliyenunua vikorokoro, na alipokuwa akitoka akajikuta katika njia nyembamba yenye giza, mlango umefungwa, na mbele yake mbwa ananguruma. Alipolikumbuka, hofu ya miaka 30 ikaanza kumwondoka. Rivers alikuwa amesoma maandishi ya Freud, yule daktari wa Vienna, akayakubali yaliyomfaa na kuyakataa mengine waziwazi. Hasa hakukubali kwamba chanzo cha kila fadhaa ni mambo ya unyumba. Alisema vita vimeonyesha kwamba hata hamu ya kiumbe ya kuiokoa nafsi yake yatosha kuleta maradhi.

Mwezi wa Julai 1917 aliletwa Craiglockhart mgonjwa ambaye hakuwa mgonjwa. Jina lake Siegfried Sassoon, mshairi, luteni shujaa aliyepewa nishani ya Military Cross. Alikuwa amechoka kuona vijana wanachinjwa, akaandika tamko kwamba vita vinarefushwa makusudi na wale wenye uwezo wa kuvikomesha, na kwamba yeye hatapigana tena. Tamko lake likasomwa bungeni. Kwa sheria za jeshi angeshtakiwa. Rafiki yake Robert Graves, naye mshairi, alilishawishi baraza la madaktari liamue kwamba mtu huyu kaathirika akili, apelekwe hospitali, na kwa njia hiyo serikali ikaepuka aibu.

Basi Rivers akawa na mgonjwa mwenye akili timamu ambaye kazi ya daktari ilikuwa kumrudisha vitani. Walikutana mara 3 kwa wiki wakazungumza kama baba na mwana. Sassoon, ambaye baba yake aliwaacha yeye mdogo, alimpenda Rivers mapenzi ya mtoto kwa mzazi maisha yake yote. Mwishowe Sassoon alirudi kwa khiari yake, si kwa kuwa ameiacha rai yake, bali kwa kuwa hakuweza kukaa salama na wanaume wake wako mahandakini. Aliondoka hospitalini mwezi wa Novemba 1917, akapelekwa Palestina, kisha Ufaransa, ambako Julai 1918 alipigwa risasi ya kichwa, nayo ilikuwa ya askari wa upande wake kwa makosa. Alipona. Rivers alikwenda kumwona kitandani.

Lakini Rivers mwenyewe hakutoka salama katika mazungumzo yale. Aliota ndoto ambayo baadaye aliichambua mbele ya watu bila ya haya. Alikuwa na wasiwasi juu ya nini kitatokea ikiwa yeye, afisa mwenye sare ya mfalme, atageuzwa na mgonjwa wake akaamini kwamba vita hivyo ni dhuluma. Hapo ndipo penye uchungu wa kazi yake, na sidhani kwamba kuna jibu rahisi. Mtu anamtibu mwenzake kwa upole, anamrudishia usingizi, kisha anamrudisha kule kule alikoupotezea. Wilfred Owen, mshairi mwingine aliyekuwa Craiglockhart chini ya Dakta Arthur Brock, aliyewatibu wagonjwa kwa kuwapa kazi za mikono na za akili, alirudi Ufaransa akauawa tarehe 4 Novemba 1918, siku 7 kabla ya mizinga kunyamaza.

Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba Craiglockhart palikuwa pa maafisa. Rivers aliona kwamba askari wa kawaida walipatwa zaidi na ububu na kupooza, na maafisa walipatwa zaidi na ndoto, fadhaa na kigugumizi. Aliyeamrishwa tu, mwili wake ulikataa. Aliyepaswa kuwaamrisha wengine na kuficha hofu yake, akili yake ndiyo iliyolemewa. Vita hivyo vilifika mpaka kwetu, Tanga na Taita, Gazi na Mwele, na katika nchi hizi wachukuzi waliotolewa makwao kwa nguvu kuwabebea majeshi mizigo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Sanamu ya askari iko Mombasa mpaka leo. Craiglockhart ya wachukuzi wa Kariakoo haikujengwa mahali popote.

Mwishoni mwa mwaka wa 1917 Rivers alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya wanahewa huko Hampstead, London. Alikuwa na umri wa miaka 53 na afya yake haikuwa nzuri, lakini alipanda ndege, akapinduliwa juu chini angani, ili ajue wagonjwa wake wanazungumza nini. Akagundua jambo: anayeiendesha ndege haugui sana kama yule aliyeketi nyuma akitazama tu, na mtazamaji huyo haugui sana kama yule anayening'inia katika puto juu ya uwanja wa vita, hana usukani wala pa kukimbilia. Hatari ni moja. Kinachomvunja mtu zaidi ni kukaa katika hatari hiyo bila ya mikono yake kuwa na la kufanya.

Tarehe 4 Desemba 1917 alisoma mbele ya chama cha madaktari mjini London makala yake juu ya kuzikandamiza kumbukumbu za vita, nayo ikachapishwa katika gazeti la Lancet mwaka uliofuata. Humo ndimo zilimo zile habari za maafisa nilizozisimulia. Wanaowatibu waathiriwa wa kiwewe siku hizi wana mbinu nyingi zaidi, zilizopimwa na kupimwa tena, lakini nyingi katika zilizothibitika kufaa zinapita karibu na njia hiyo ya Rivers: mtu kulirudia lililompata, kidogo kidogo, mahali salama, na mtu anayemwamini. Hili si geni kabisa kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 934, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na ya nafsi, akaitaja hofu, huzuni na wasiwasi kama maradhi yenye tiba, na akawalaumu matabibu wanaoshughulikia mwili wakaiacha nafsi.

Vita vilipokwisha Rivers alirudi Cambridge, katika chuo cha St John's, akiwa mtu mwingine. Yule bwana mwenye haya, aliyejifungia na vitabu vyake, sasa aliwazungukia wanafunzi vyumbani, akawaalika chai, akabishana nao mpaka usiku. Hakuoa. Kitabu chake juu ya silika na akili ya ndani kilitoka mwaka wa 1920. Mwaka wa 1922 alikubali kusimama kama mgombea wa bunge kwa chama cha Labour, na marafiki zake wakastaajabu, kwa sababu mgombea huyo alikuwa na kigugumizi.

Uchaguzi haukumkuta. Mwanzo wa Juni mwaka huo huo, wakati wa sikukuu, alikuwa amempa mtumishi wake ruhusa, akawa peke yake vyumbani. Usiku alishikwa na ngiri ya kujinyonga. Alikutwa asubuhi, akapelekwa kupasuliwa, lakini muda ulikuwa umekwisha kupita. Alifariki Jumapili tarehe 4 Juni 1922, akiwa na umri wa miaka 58. Akiwa kitandani, katika saa zake za mwisho, aliomba karatasi, akatia sahihi shahada ya mwanafunzi mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiingojea.